Doti ya Posa

Nina hasira mpaka leo, na sitaki kuambiwa yamepita. Kila Alhamisi baada ya adhuhuri nilikuwa nikiwafundisha wasichana wa Makorora huduma ya kwanza. Mimi ni mkunga, na nilikuwa nimechoka kuletewa watu waliopakwa majivu na machicha ya kahawa kwenye vidonda, kisha nikaulizwa mbona vimeoza. Ua wa kusomea tuliazimwa na mama mmoja mwenye nyumba na mwenye kauli mtaani, nasi tukamshukuru kama katujengea hospitali.

Mwanafunzi wangu hodari alikuwa binti wa miaka kumi na saba, mchumba wa mpwa wa mama huyo. Alhamisi moja alikuja amevaa doti ya kanga aliyoletewa kwa posa, kipande kimoja kiunoni, kimoja ushungi. Kwetu doti ya posa haiazimwi, na kuichana ni sawa na kumwambia mchumba sikutaki. Wenzake walimtania weee, yeye akacheka tu.

Hatujamaliza somo tukasikia ukelele nje. Kibarua mmoja, mtu wa bara, manamba aliyeacha kukata mkonge akaja mjini, alikuwa akipandisha mabati kwenye nyumba ya jirani. Bati lilimponyoka likampasua mkono kwa ndani, damu ikawa inaruka. Wanaume kama kumi walisimama wakimtazama.

"Msimguse," alisema mmoja. "Tutapelekwa polisi."

Wanaume kumi, wenye mikono!

Binti alitoka mbio bila kuniuliza. Alivua ushungi, akauma pindo kwa meno, akaichana kanga kichwa wazi mbele yao wote. Tambara moja alilikunja akaligandamiza juu ya jeraha, jingine akafungia, akamlaza yule bwana chini na kuuinua mkono wake juu. Nilipofika nilikuta sina la kurekebisha. Alimshikilia hivyo mpaka ikapatikana gari ya kumpeleka hospitali, na yule mtu akapona.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Ijumaa baada ya alasiri tuliitwa uani kwa yule mama mwenye nyumba, mimi, binti na mama yake. Binti akamwamkia shikamoo. Haikuitikiwa.

"Doti yetu i wapi?" akauliza mwenye nyumba. "Kaichana mbele za wanaume, kumfungia manamba!"

Hakuna aliyeuliza kama manamba huyo yu hai.

Mama yake binti alinitazama mimi. Neno moja lilitosha: niseme ni mimi niliyemfundisha kushika kitambaa chochote kilicho karibu. Lakini nilijua nikilisema, ua umekwenda na darasa limekwenda.

"Ni utoto tu," nikasema. "Mtusamehe."

"Si utoto," binti akasema. "Nimefundishwa."

Mwenye nyumba akanigeukia. "Kumbe ni wewe unayemfundisha kuchana nguo za watu?"

"Nimemfundisha kufunga jeraha," nikajibu. "Kuchana, hapana."

Mwongo mkubwa mimi! Wale wanaume kumi nawakasirikia, yule mama namkasirikia, lakini hakuna ninayemkasirikia kama mimi mwenyewe. Na uongo wenyewe haukumfaa binti kitu. Posa ilivunjwa pale pale, na kipande cha kanga kilichobaki kikadaiwa. Alikuwa kakivaa. Alikifungua kiunoni, akabaki na gauni lake, akakikunja vizuri na kukiweka mkekani mbele ya mwenye nyumba. Kisha akanitazama mimi, si yule mama.

"Mwalimu," akasema, "basi ungetufundisha na yupi tumwache afe."