Hasira Waliyomdai Atuganile

Shangazi yangu Atuganile anafinyanga vyungu Matema, ufukweni mwa ziwa. Zamani aliishi Makwale na mumewe, Hezroni. Hezroni alipofariki, kaka yake Sadoki alikata miti yao yote ya kakao ili mjane aondoke. Akaondoka. Alirudi kwao na godoro, akaanza tena kukanda udongo. Sijawahi kumsikia akimlaani Sadoki.

Mwaka huu Sadoki alivimba tumbo. Dawa za hospitali hazikumsaidia. Ndipo mwanawe Gwamaka, mfanyabiashara wa mpakani, alipokuja na wazee wawili wa ukoo. Kwetu huaminiwa kwamba hasira ya aliyedhulumiwa huleta ugonjwa, mpaka aitamke na kupuliza maji.

"Mama mdogo, baba anaomba useme hasira yako, upulize maji, apone."

"Hasira ipi, mwanangu?"

"Ya kakao."

"Ilikwisha. Sijui hata iliisha lini."

Mzee mmoja akacheka. "Kama ilikwisha, lile tumbo limejaa nini? Ugali?"

Gwamaka hakucheka. "Wazungu wanaiita *retribution*."

Shangazi akanigeukia mimi niliyesoma. "Ndiyo nini?"

Nilimjibu kwa sauti ndogo: ni adhabu inayomrudia mtu kwa ubaya alioutenda. Inakaribiana na kisasi, ila hutumika watu wanapoona kwamba aliyeadhibiwa alistahili. Hata adhabu ya Mungu huitwa hivyo.

"Anayeitoa ni nani?"

"Neno lenyewe halimtaji, shangazi."

"Hawa wamenitaja."

Akipuliza, amekiri kwamba ugonjwa ulitoka moyoni mwake. Akikataa, na Sadoki akafa, ataitwa muuaji. Alikaa akiutazama udongo unaokauka vidoleni. Kisha alinawa, akachukua kikombe.

"Nilikasirika, Sadoki," alisema, kama anayesoma matangazo kanisani. "Sasa basi."

Akajaza maji mdomoni, akayapuliza chini.

"Ndaga fijo, mama," wazee walimshukuru, wakiinama.

Tumbo la Sadoki lilinywea. Habari zilifika Matema kabla ya wiki kwisha. Jumapili kanisani, wanawake waliacha nafasi pande zote mbili za shangazi kwenye benchi. Watoto wanamwamkia upesi mno, kwa adabu ambayo hawana. Akitaja bei ya chungu, mteja analipa papo hapo. Hakuna anayethubutu kuomba apunguziwe.

Nilimuuliza kama inamuuma.

"Sijui," alisema. "Nisogezee huo udongo."