Printa Moja na Magoti ya Bi Waya

Jina alilopewa na mama yake lilisahaulika ofisini siku alipoingia chini ya meza kwa mara ya kwanza. Tangu hapo, karani huyo wa masjala akawa Bi Waya: mama wa miaka hamsini na sita, mwenye miwani ya kamba na goti la kulia lisilosikia dawa.

Ghorofa yao ilikuwa na idara mbili, Maji na Ramani. Kila idara ilikuwa na mtandao wake wa kompyuta, na wakubwa walishaapa kwamba mitandao hiyo haitakutana, siri zisije zikavuja. Siri zenyewe zilikuwa barua za kuomba mafagio. Printa sasa, ilikuwa moja tu. Maji wakitaka kuchapa, Bi Waya huyoo chini ya meza, achomoe waya kwenye soketi ya Ramani, achomeke kwenye ya Maji. Hajamaliza kujipangusa vumbi, Ramani nao wanaita. Kisha siri zote zinatokea trei moja, zinasomwa na kila apitaye kwenda msalani.

Kamati iliundwa. Ikakaa vikao saba, ikanywa chai, ikagundua kwamba tatizo lipo.

Asubuhi moja goti likagoma. Bi Waya akabaki chini ya meza kama kuku anayeatamia, huku wakubwa wawili wakibishana juu ya kichwa chake nani atangulie kuchapa. Hakuna aliyempa mkono. Alishika mguu wa meza, akajikokota hadi kitini machozi yakimlenga, akampigia simu mdogo wake mwenye duka la kuchapa.

"Hivi wewe na yule jirani yako si mnatumia printa moja?"

"Ndiyo dada, na kila mtu ana intaneti yake."

"Nani anahamisha waya?"

Mdogo mtu akacheka mpaka akapaliwa. "Waya wa nini? Mmoja anatumia waya, mwingine wifi. Soma ubavuni mwa printa yenu, kama ni aina hii yetu."

Bi Waya akasoma. Ilikuwa aina ileile ya dukani kwa mdogo wake.

Akamwita fundi wa kompyuta wa ofisi, aliyekuwa mjumbe wa kamati.

"Inawezekana," fundi akakiri, "ila inahitaji kibali."

"Goti langu limeshatoa kibali, baba. Bonyeza."

Fundi akabonyeza. Maji wakabaki na waya, Ramani wakapewa wifi, mitandao haikukutana hata kwa salamu. Kazi nzima ilichukua dakika kumi na mbili.

Ijumaa ikatoka barua ya kuipongeza kamati kwa ubunifu wake. Bi Waya ndiye aliyeigonga mhuri, taratibu. Kisha akachomoa fomu ya likizo. Miaka minne walikuwa wakimnyima kwa kuwa hana wa kumshikia nafasi. Safari hii mkubwa aliitazama fomu, akaitazama printa, akatafuta kisingizio, akakikosa. Akasaini.