Ukuta wa Mama Hotelini

Kwa miaka mingi niliishi hotelini Tunduma, na sikuwa mgeni wala mhudumu. Nilikuwa mchoraji. Mwenye hoteli, mfanyabiashara wa malori aliyehamia kutoka Tanga, ambaye sote tulimwita Alhaji, alinipa chumba cha nyuma na ukumbi unaotazama bustani. "Chora, tundika, uza," aliniambia. "Mtu aliyepumzika hununua." Madereva walipumzika kwa kulala na viatu. Wazambia walinunua picha za tembo, nami tembo nilikuwa sijawahi kumwona.

Ukuta mmoja mrefu ulibaki mtupu, nikamleta mama kutoka Ileje.

Kwetu milimani, kila kiangazi wanawake walisiriba nyumba upya na kuchora nakshi kwa vidole. Sisi wavulana tulichimba udongo tu, mwekundu na mweupe, kisha tukafukuzwa. Mama alifika na ndoo zake juu ya lori la viazi. Alhaji alimpokea mwenyewe: "Karibu, mama. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mama akaigusa saruji, akasonya.

"Ukuta huu umekufa, baba. Haushiki udongo."

Hata hivyo aliukwaruza, akausiriba, na vidole vyake vikaujaza mistari iliyopandana kama matuta shambani. Mimi nilikoroga udongo. Kila nilipojaribu kuchora, alinipiga mkono: "Ndoo!" Sijafurahi vile tena.

Mama alifariki miaka michache baadaye. Kaka yangu akaibomoa nyumba yake, akajenga ya matofali ya kuchoma, nzuri kwa kweli. Basi mkono wa mama ukabaki mahali pamoja tu duniani, nyuma ya makochi ya hoteli. Asubuhi, kabla wageni hawajaamka, niliupitia na kuuamkia. Shikamoo, mama. Kisha nikaenda kuchora tembo.

Alhaji naye akatangulia mbele ya haki. Mwanawe alitaka vigae na televisheni kubwa. Hakuwa mtu mbaya. Aliniita kwa heshima.

"Mzee wangu, udongo huu unachafua suti za wageni. Tufanyeje?"

Nikamwomba aukate vipande anipe. Fundi aligonga nyundo mara moja, mistari ikamwagika sakafuni. Niliuzoa udongo wote kwenye ndoo, nikafunga virago.

Nilikwenda moja kwa moja kwa dada yangu, aliyeolewa karibu na Mbozi Mission. Mama hakuwa na binti mwingine.

"Huu ni udongo wa ukuta wa mama," nikamwambia. "Uloweke, uchore nakshi zake jikoni kwako, nami nitazame."

Akauloweka, akasiriba ukuta wa jiko, akainua vidole. Vikasimama hewani.

"Sizikumbuki," akasema. "Nilipoolewa niliziacha. Si unajua, mke huchora za mama mkwe wake? Nilidhani wewe unazo. Si ndiwe mchoraji?"

Nilifumba macho kuzitafuta. Nilikuwa nimeziona kila siku, lakini mstari wa kwanza ulianzia wapi? Tukalia, watu wazima wawili, mikono imejaa matope.

Udongo ulianza kukauka, na kwetu ukuta hauachwi mtupu. Dada akajifuta machozi kwa kiwiko, akaanza kuchora nakshi za mama mkwe wake. Mimi nikamshikia ndoo.