Godoro Nililokataa Kubeba

Msimu wa kukata miwa kule Kabras ulitufikia puani kwanza. Asubuhi hewa ilijaa moshi wa majani yaliyochomwa na utamu mzito wa sukari iliyoungua, na masizi meusi yalielea mpaka ndani ya kikombe cha chai. Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa amemfuata baba huko Mumias, baba alikopata kazi, nami nikaachwa kwa shangazi yangu Rosa, tuliyemwita Senge, ili nimalize mwaka wa shule. Senge hakuwa mtu mbaya. Kuku akichinjwa, aliniwekea paja kabla ya kumwekea mwanawe Shikuku. Niliposhikwa na homa, alinibeba mgongoni hadi zahanati. Nayasema haya mapema kwa sababu nikisimulia yaliyofuata, watu hutafuta mtu wa kumchukia, na mimi sina wa kuwapa.

Baada ya mama kuondoka nilianza kukojoa kitandani, jambo nililokuwa nimeliacha zamani. Senge alinigombeza, akaninyima chai ya jioni, lakini hali ikabaki ile ile. Ndipo asubuhi moja aliponitwika godoro kichwani, likiwa bado limelowa, akanitanguliza hadi barabarani, mahali wakata miwa walipongojea trekta na watoto wa shule walipopitia. Akawaambia wote nilichokuwa nimefanya. Mkojo ulinitiririka shingoni na kuingia ndani ya sare yangu. Wanaume kadhaa walicheka. Mmoja hakucheka; aliinama na kujifanya ananoa panga lake ili asinitazame. Nilipofika shuleni nilikuta wimbo juu yangu umeshatungwa, na Shikuku ndiye aliyeuongoza.

Safari hiyo ya barabarani ikawa adhabu ya kila nilipolowesha godoro. Watu wazima huamini kwamba mtoto akiaibishwa anajifunza. Kweli, nilijifunza. Nilijifunza kutokunywa maji kuanzia asubuhi, hata jua likiwa kali kiasi cha kupasua midomo. Nilijifunza kulala kwenye sakafu ya udongo huku nikijifinya mapaja ili usingizi usinipate. Nilijifunza kusema uongo bila kupepesa macho, na kumcheka mtoto mwingine aliyekuwa na kigugumizi, ili wimbo uhamie kwake. Kujizuia nikiwa usingizini, jambo lile moja lililokusudiwa, sikujifunza. Darasani nilianza kunyamaza hata nilipojua jibu, kwa kuwa kila mkono ulioinuliwa ulivuta macho, na macho ya watu nilikuwa nimeyashiba.

Siku moja, tulipofika barabarani, nililishusha godoro vumbini. Sikuwa nimepanga. Miguu tu ilikataa. Senge aliniamuru niliinue. Wakata miwa walikuwa wametulia wakitutazama. Nikamwambia, kwa sauti niliyoshangaa kuisikia ikitoka kwangu, "Senge, nipige ukitaka. Hili godoro silibebi tena."

Alinipiga. Alichuma fimbo ukingoni mwa barabara akanichapa miguuni, nami nikasimama pale pale, nalia, lakini sikuinama. Yule mwanaume aliyejifanya ananoa panga siku ya kwanza akamwambia kwa upole, "Mama, huyu mtoto amechoka." Fimbo ikasimama. Trekta likaja, likawachukua wakata miwa, na godoro bado lilikuwa chini kati yetu. Mwishowe Senge aliliinua mwenyewe, akajitwika, akarudi nalo nyumbani mbele ya wanafunzi waliokuwa wakipita. Hakunipeleka barabarani tena. Hakuniomba msamaha pia.

Shule zilipofungwa mwezi wa Desemba, mama alikuja akanichukua. Mumias nililowesha kitanda usiku wa kwanza, na asubuhi nikasimama mlangoni kusubiri hukumu. Mama alikunja mashuka, akayaloweka kwenye beseni, akaniuliza kama nitakunywa uji. Hakuna lingine alilosema, wala siku hiyo wala zile zilizofuata. Kabla mwaka mpya haujazoeleka, kitanda kilikuwa kikavu. Hakuna dawa niliyopewa. Woga tu ulikuwa umeniondoka.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba sisi tulilelewa hivyo na tukanyooka, namkatalia. Kazi niliyo nayo leo hapa Kakamega mjini sikuipata kwa sababu ya barabara ile. Niliipata licha yake, na ilinichukua miaka mingi kabla ya kuweza kuinua mkono kwenye mkutano bila moyo kwenda mbio.

Likizo ya Aprili iliyopita tulikusanyika kwa Senge, ambaye sasa ni mzee wa kutembea na mkongojo. Asubuhi nilimkuta Shikuku uani, amemsimamisha bintiye mdogo Mercy kando ya godoro lililolowa, ameinua simu ampige picha. Alisema ataituma kwa group ya familia, hapo ataacha kukojoa kitandani. Watu walicheka. Senge naye akacheka, akasema hata mimi nilinyooshwa vivyo hivyo, na si mnaona nilivyo sasa.

Nilisimama mbele ya simu, nikamfunika mtoto kwa mwili wangu. "Senge," nilisema, "sikuacha kwa sababu ya barabara. Niliacha nilipotoka kwako."

Kicheko kilikatika. Shikuku alisema ninamharibia mtoto, na kwamba nyumba hiyo si yangu. Nikamjibu kwamba atapiga picha ya mgongo wangu mpaka chaji iishe. Senge alinigeukia. "Sisi tulikuwanga tunalelewa hivyo," alisema. "Mimi nilidhani nakusaidia." Nikamwambia najua, na kwamba halikuwa jambo la kusaidia. Alinyoosha mkono kwa mwanawe, akamwambia ampe hiyo simu. Shikuku alimpa. Siku hiyo hakula meza moja nami, na mpaka leo salamu zake ni za mkato.

Sijali. Wakata miwa walionicheka nikiwa mtoto walipanda trekta wakaenda kazini, na wengi wao walisahau kabla ya saa sita. Mtoto wa leo, picha yake ikishasambaa, anachekwa na watu asiowajua, na kicheko chao kinawekwa kwenye simu, kinamngoja mpaka akue.

Tulipokuwa tukifua shuka nyuma ya nyumba, Mercy aliniuliza kama ile picha imeshaenda.

"Haikuenda," nilimwambia. "Shika upande huo, tukamue."