Mate ya Mtoto wa Dada

Mtoto wa dada yangu alizaliwa hapa hospitali ya Kibuli bila kulia. Siku ya tatu bado alikuwa analala tu, analishwa kwa mpira wa puani. Daktari alitaka kujua homoni ya mkazo imepanda kiasi gani ndani ya ubongo wake.

"Ubongo hatuwezi kuufungua," alisema. "Tutapima mate. Mate yakikataa kutuambia kitu, tutachoma mgongo, tutoe yale maji yanayozunguka ubongo."

Dada akanishika mkono. "Mgongo hapana. Tafadhali."

Kazi ya mate wakanipa mimi, eti nimemaliza S4, kidato cha nne. Kijiti cha pamba mdomoni asubuhi, mchana na jioni, halafu najaza fomu. Mdomo usiguswe na kitu saa nzima kabla ya hapo.

Jioni bibi yetu akaja na tende. Kwetu Wanubi mtoto lazima asuguliwe tende kwenye kaakaa, na huyu alikuwa bado.

"Bibi, ngoja nichukue mate kwanza."

"Wewe na kijiti chako! Mungu asubiri pamba?"

Kidole chenye tende kilikuwa kimeshaingia, bibi anaomba dua. Dada alicheka, mara ya kwanza tangu ajifungue, akasema amina.

Nilipaswa kungoja saa moja. Lakini nesi alikuwa mlangoni anakusanya vichupa, na mimi nimeshinda pale tangu alfajiri, nataka tu kwenda kuoga. Nikapangusa ule mdomo na kona ya leso, nikachukua mate. Kwenye fomu nikaandika: mdomo safi.

Kesho yake daktari alikuja na karatasi. "Mate ya asubuhi na mchana yalikuwa kidogo, hayakupimika. Ya jioni yana namba ya ajabu. Kuna kitu kiliingia mdomoni? Niambieni tu, tutarudia leo, hakuna shida."

Dada alinitazama. Bibi alikuwa ameenda kuswali. Mwandiko kwenye ile fomu ulikuwa wangu.

"Hakuna," nikasema.

Basi ikawa mgongo, na dada hakuweza kuingia chumba cha sindano. Mimi ndiye niliyemshika mtoto, magoti yamekunjwa hadi kifuani, mgongo umepinda. "Usimwachie," daktari aliniambia. Sindano iliingia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, nimekaza meno kabisa. Hakulia. Nesi na daktari wakatazamana.

Nje dada aliuliza, "Amelia?"

Nikamwambia amelia kidogo.

"Na yale mate, si ulingoja ile saa, ukachukua vizuri?"

"Vizuri," nikasema.