Aliyeshika Ribiti kwa Ndani

Cheka ukitaka, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Yalinipata Markham, kaskazini kidogo ya Toronto, kwenye gereji ya binti yangu Rehema, majira ya baridi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi.

Ujanani nilikuwa fundi wa mabamba katika karakana ya reli, Tanga. Nilipozeeka Rehema akanileta huku. Nilikuwa na hamu moja tu: wajukuu zangu, Salma na Imran, wanijibu kwa Kiswahili. Walikielewa chote. Lakini nikiuliza "Mmeshindaje?" jibu lilikuwa "Good, Babu," kisha macho yanarudi kwenye televisheni.

Ndipo nikaanza kujenga meli, nipate cha kuwasimulia. Nilichagua Great Eastern, meli ya chuma ya Waingereza wa zamani. Enzi zake haikuwa na mwenziwe duniani kwa ukubwa. Ilikuwa na matanga, magurudumu ya pembeni na rafadha ya kuisukuma kwa nyuma, vyote pamoja. Walipotaka kuiteremsha mtoni ubavu-ubavu iligoma, wakahangaika nayo kwa miezi. Lakini kilichonivuta mimi fundi ni ngozi zake mbili: bamba la nje, bamba la ndani, na katikati uwazi wa mtu kupenya. Ribiti, ule msumari mnene wa kuunganisha mabamba, ikitoka motoni nyekundu, mmoja anaizuia kwa chuma kizito upande wa ndani, wenzake wanaifua kwa nyundo upande wa nje. Watu husema kuna fundi aliyefungiwa humo katikati. Wengine husema ni uzushi. Mimi sibishani tena.

Yangu niliijenga kwa madebe ya mafuta, ndefu kama kitanda.

Jioni moja, giza limeshaingia ingawa saa kumi na mbili haijafika, nikasikia nyuma yangu, "Hodi."

Hebu niambie, nani anabisha hodi Markham? Huku mtu hupiga simu kwanza. Moyo uliniruka kwa furaha, nikaitikia "Karibu!" kabla sijageuka. Hilo ni kosa langu. Mlango wa gereji una kelele kama trekta, na sikuwa nimeusikia ukifunguka.

Alikuwa mzee wa rika langu, amevaa aproni ya ngozi, mikono imejaa makovu ya moto. Viatu vyake havikuwa na theluji. Akaitazama kazi yangu, akacheka.

"Mzee mwenzangu, hii ni meli au sufuria?"

"Kama unaweza, shika nyundo wewe!"

Kiswahili chake kilikuwa cha mtaani kwetu hasa. Ungekuwa wewe, ungemuuliza katokea wapi? Mimi nilimmiminia kahawa.

Akawa anakuja kila jioni. Alinionyesha namna ya kulaza mabamba, moja ndani, moja nje, kingo zipandane. Nami nilikuwa naongea, naongea. Nilimwambia majina ya wajukuu, Imran anaogopa nini, Salma anachekeshwa na nini, mimi nakaa kiti gani mezani. Kila alipoondoka niliikuta kahawa yake imejaa vilevile. Sikujali. Nilikuwa nimepata rafiki.

Siku moja nikamuuliza, "Wewe kazini ulikuwa unapiga au unashika?"

"Nilikuwa nashika. Aliyepiga alikuwa rafiki yangu, wa kufa na kuzikana. Aliniambia, ukimaliza gonga, nitakufungulia." Akagusa bamba kwa kidole. "Niligonga, bwana."

Nilimhurumia. Wallahi nilimhurumia.

Likabaki bamba la mwisho. Akasema, "Leo tubadilishane. Ingiza mkono ushike kwa ndani, nipige mimi." Nikauingiza hadi kwenye kiwiko. Akapiga mara moja tu. Bati likanibana, na ghafla kukawa giza, harufu ya chuma na maji ya mto, ukuta kifuani na ukuta mgongoni. Nikaita, "Rehema!" Sauti haikwenda popote.

"Usinichukie," akasema toka upande wa pili, na sauti ilikuwa yangu. "Lazima mmoja awe ndani."

Nikasikia mlango wa jikoni ukifunguliwa. Nikamsikia binti yangu: "Njoo Baba, chakula kinapoa."

Niligonga mpaka kukacha.

Asubuhi mkwe wangu alikuja kuwasha gari, akanikuta sakafuni, mkono ndani ya madebe. Akalikata bati kwa mkasi. Rehema analia: "Baba, umerudi huku saa ngapi? Jana si tumekula wote, tukacheka?" Kisha akaniambia lililoniuma kuliko bati. Watoto walikaa naye mezani hadi wakati wa kulala, wakimjibu kwa Kiswahili.

Unasikia? Nilichokiomba miaka, yeye walimpa kwa jioni moja. Wala hakuna aliyetambua kuwa si mimi. Yule alinisaliti, sawa, alikuwa mgeni. Na hawa damu yangu?

Hakuonekana tena. Meli niliivunja. Vidole viwili vya mkono huu havijanyooka mpaka leo.

Basi wewe uliye mbali na kwenu, ukisikia hodi, geuka kwanza, umwone mtu na mlango alioingilia, ndipo useme karibu. Na hata ukimkaribisha, usimmwagie habari za watoto wako.

Salma sasa yuko chuo. Juzi alikuja kunitazama, akaniambia kwa Kiswahili cha kujikaza, "Babu, ongea kama siku ile tulicheka mezani."

Nikajaribu. Akanisikiliza kidogo, akatikisa kichwa.

"No, Babu. Not like that."