Farasi Niliyemfundisha Neno Moja Tu

Siku ile nilimtukana mwanaume, akaitika farasi.

Najua mmeanza kucheka. Chekeni tu, lakini mjue haya yote nayaandika kwa mkono wa kushoto, na mimi sijazaliwa wa kushoto.

Mimi ni fundi mapazia. Mume wangu wa zamani watu wanamwita Kepteni. Hajawahi kuongoza jeshi, wala hata timu ya mpira. Ana farasi, ana buti ndefu, na ana mdomo.

Tuliachana kwenye sherehe, pale pale kwenye mabanda anakofugia farasi wake. Nilimkuta amemvisha koti lake mwanamke mwingine. Mwanamke mwenyewe ndiye aliyekuwa mpambe wangu siku ya harusi, aliyenishikia shela nisikanyage.

Nikamuuliza Kepteni kwa upole kabisa, "Baba, hii maana yake nini?"

"Haya, sikiliza," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Wewe hata paka hakusikilizi. Mimi ndiyo nikusikilize?"

Watu wakacheka. Wengine nilikuwa nimewashonea mapazia.

"Haya, kila la heri." Akaondoka naye.

Kile kicheko nililala nacho na nikaamka nacho. Nikajiapiza kwamba huyu mwanaume lazima ale mchanga, mbele ya watu wale wale, mahali pale pale.

Nikanunua farasi.

Akiba ilikuwa ya kupanua karakana yangu. Karakana haikupanuka. Nikapata dume la rangi ya kahawia, mdogo, amezoeshwa tandiko na kupandwa kidogo tu. Nikampa jina Fidia, nikampeleka kwenye mabanda yale yale.

Mwenye mabanda ni mama mmoja mkavu, tunamwita Bibi Hatamu. Akanipima kuanzia viatu mpaka kilemba.

"Umeshawahi kufuga nini?"

"Mume," nikamjibu.

Hakucheka. "Huyu bado mtoto. Tafuta mtu akufundishe kwanza, ndiyo na wewe umfundishe."

Nikaitikia, ila moyoni nikasema mama huyu anatafuta wateja tu. Video zimejaa kwenye simu, mwalimu wa nini tena?

Kwa wasiojua, farasi mdogo hufundishwa kwa kuzungushwa. Wewe unasimama katikati ya uwanja na kamba ndefu, yeye anakuzunguka, unampa amri kwa sauti. Mjeledi ni wa kumwonyesha tu, si wa kumchapa. Kwenye video ilionekana rahisi kama kupiga pasi.

Sasa sikieni ujanja wangu.

Kepteni hawezi kufungua mdomo bila kusema "haya". Haya tule. Haya nyamaza. Haya, nani kachukua chaja yangu? Kwa hiyo amri ya kukimbia nikaichagua mimi mwenyewe. Nikitamka "Haya!" natikisa mjeledi, na Fidia anatimua mbio.

Alishika haraka ajabu. Baada ya muda hata mjeledi sikuuhitaji. Nikisema "haya" tu, mchanga unaruka. Kichwa kikanivimba. Nikaanza kuvaa buti hata dukani.

Siku moja Bibi Hatamu akaegemea uzio akanitazama.

"Na kusimama umemfundisha lini?"

"Kusimama anajua mwenyewe. Akichoka anasimama, nampa karoti."

"Na hiyo kamba, mbona unaizungushia mkononi? Ikunje, ishike. Usijifunge."

"Bibi, mkono huu unavuta majora ya vitambaa kila siku. Kamba itaufanya nini?"

Akaniangalia kama mtu anayeangalia sufuria linaloungua kwa jirani, akaenda zake.

Ikafika siku ya wageni pale mabandani. Watu wale wale walikuja, na familia zao. Kepteni naye akaja na Mpambe wake, wamevaa sare kama mapacha.

Nikamzungusha Fidia mbele yao. Akapendeza kweli. Kisha nikasema kwa sauti, nikijifanya naongea na mtu mwingine, "Huyu hapandwi na kila mtu."

Nilimjua mwanaume wangu. Alikuwa ameshaanza kufunga kamba ya kofia.

"Haya, nileteeni tandiko."

"Ni mdogo bado," nikasema, huku moyo unanicheza ngoma. "Kamba nashika mimi."

"Shika. Itakusaidia usipotee."

Wakacheka tena. Nikamezea. Nikajisemea, chekeni, leo mtakimaliza kicheko chote.

Akapanda. Akakaa sawa, akamtazama Mpambe kwenye uzio, akasema neno lenyewe.

"Haya, twende!"

Fidia akatembea polepole kama bibi harusi.

Nikadhani hajasikia.

"Haya, kijana. Haya, haya."

Wapi! Farasi wangu, niliyemfundisha mimi kwa jasho langu, anazunguka kwa adabu zote huku mkia umetulia. Watu wakaanza kupiga makofi. Mpambe akatoa simu apige picha.

Hapo ndipo nilipoelewa upumbavu wangu. Fidia hakujifunza neno kwenye kamusi. Alijifunza sauti yangu, ikitoka katikati ya uwanja. Ya Kepteni kwake ilikuwa kelele tu.

Kepteni akapita mbele yangu anatabasamu. "Unaona? Kumbe anahitaji mwanaume tu. Nikuachie maelekezo?"

Jamani, hasira niliyoipata pale sijawahi kuipata tena. Nilisahau mpango, nilisahau watu, nikafungua mdomo wote.

"Mwanaume HUNA HAYA wewe!"

Fidia akasikia neno lake.

Alichomoka kama amemwagiwa maji ya moto. Kepteni akabaki na buti moja kwenye kikuku cha tandiko, nyingine inatafuta mbingu. Akashika shingo, akashika manyoya, mwisho akashika hewa. Akatua kwa kidevu.

Niseme kweli, niliona raha. Raha yenyewe ilikuwa fupi.

Kamba ilikuwa imezunguka vidole vyangu.

Nikakokotwa. Mchanga ukaingia mdomoni, puani, kila mahali. "Simama! Tulia! Acha!" Maneno mageni yote hayo, hakuwahi kuyasikia kwangu. Kwa kuchanganyikiwa nikaanza kumbembeleza kama ninavyobembeleza wateja.

"Haya basi, baba! Haya, yaishe!"

Akaongeza mwendo.

Bibi Hatamu ndiye aliyeniokoa. Alitikisa ndoo ya chakula langoni, Fidia akaenda mwenyewe kula, mimi nikifuata nyuma kama gunia.

Tulipelekwa hospitali kwa gari moja, mimi na Kepteni. Mpambe alisema atafuata na gari lao.

Wodi ya majeruhi ilikuwa moja, pazia tu katikati. Pazia lenyewe limeshonwa vibaya. Yeye alikuwa amevunjika taya na bega, wamemfunga mdomo hawezi kusema. Mimi mkono wangu wa kulia ulikuwa ndani ya plasta.

Nesi akaja na simu ya Kepteni. "Kaka, lazima ndugu yako aje. Huyu wa kwanza nimempigia, amekata, sasa hapatikani kabisa. Kuna namba nyingine hapa imeandikwa 'Mke'. Nimpigie?"

Pazia lilikuwa wazi kidogo. Nikamwona Kepteni ananitazama. Macho yamejaa maji. Akaitikia kwa kichwa, taratibu, mara nyingi.

Nesi akapiga.

Simu yangu ikaita ndani ya mkoba wangu.

Muda wote ule, na Mpambe ndani ya nyumba, hakuwahi kulibadilisha jina la namba ile. Nikaitoa simu kwa mkono wa kushoto. Nikaipokea huku nikimtazama yeye usoni.

"Haloo? Wewe ni mke wa mgonjwa?"

"Hapana, dada," nikasema. "Umekosea namba."

Nesi akanisikia mara mbili, kwenye simu na kutoka kitanda cha pili. Akatuangalia wote, akakata simu bila kuuliza. Kepteni akageukia ukutani.

Funzo silitoi kwa kumhurumia. Nalitoa kwa sababu vidole viwili havikunjiki mpaka leo, mkasi nashikiwa, na karakana inaendeshwa na mtu wa kuajiriwa. Kabla hujamfundisha kiumbe kukimbia, mfundishe kusimama. Hasira yako ndiyo ya kwanza kufundishwa, kwa sababu kamba yake huwa umeizungushia mkono wako mwenyewe.

Siku hizi nina mwalimu, na Fidia anasimama hata nikinong'ona.

Na wewe Kepteni, kama unasoma hapa, ile namba ifute.